Virusi viliondoka, mimi bado sijarudi: tunaoishi na mabaki ya ugonjwa

MamaWawili

Habari zenu wapendwa. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu, leo nauachia ulivyo. Ninaandika kwa vipande, dakika kumi kumi, halafu nalala chali na kufumba macho. Mkiona nimenyamaza katikati msidhani nimewatupa.

Niliugua korona. Homa siku tisa, kikohozi, mwili kuuma kama niliyepigwa. Sikulazwa, sikuwekewa oksijeni, wala hakuna aliyenihesabu miongoni mwa mahututi. Kipimo kikaja hasi, ndugu wakanipongeza, nikamshukuru Mungu. Hiyo ni miezi kumi na tisa iliyopita.

Naomba niwaeleze siku chache tu, kwa sababu ndani yake kuna ugonjwa wote.

Wiki ya sita baada ya homa kuisha niliamka mwepesi. Nikasema leo ndiyo leo. Nikafua mashuka manne na sare za watoto, nikaanika, nikadeki nyumba nzima. Jioni nilikuwa mzima, tena na furaha. Kesho yake nilikuwa mzito kidogo, nikasema ni kawaida, sijashika kazi muda mrefu. Siku ya tatu sikuweza kuchana nywele. Nilishika kitana, nikakifikisha sikioni, mkono ukateremka wenyewe. Mwanga wa dirishani ulinichoma macho. Koo liliwasha na tezi za shingoni zikauma kana kwamba mafua yanaanza. Mwanangu akaja kunisomea kitabu chake, nikawa nasikia neno moja moja, lakini yakifika kichwani hayashikani kuwa sentensi. Akaniuliza swali, nikamtazama tu. Akafunga kitabu taratibu, akatoka kwa kunyata.

Nililala siku sita. Niliamini nimeambukizwa upya. Siku ya saba nikapata nafuu, na kwa furaha ya kupona nikachukua ndoo nikadeki tena.

Mzunguko huo niliurudia miezi minane. Kilichonichelewesha kuelewa ni kwamba adhabu haiji siku ya kosa. Inakuja kesho yake jioni, au keshokutwa. Ukizidiwa Alhamisi unatafuta ulichokosea Alhamisi, kumbe ni mambo ya Jumanne. Kwa hiyo ninachotaka kusema hapa ni hiki: mwenye hali hii asijipime kwa anavyojisikia sasa hivi. Ajipime kwa atakavyoamka keshokutwa.

Kuhusu hospitali sitasema mengi. Vipimo vilirudi vizuri vyote, na daktari mmoja akaniambia nina mawazo. Ni kweli nilikuwa na mawazo, lakini yalikuja baada ya mkono kushindwa kuchana nywele. Hayakuanza yenyewe.

Baadaye nikajua kwamba Shirika la Afya Duniani lilishatoa maelezo ya hali hii tangu Oktoba 2021: dalili ambazo mtu anazo kwa kawaida miezi mitatu tangu aanze kuugua, zimedumu angalau miezi miwili, na hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza. Shirika hilohilo linakadiria kwamba katika kila watu 100 waliougua korona, karibu 6 hubaki nayo. Na jina lenyewe la "korona ya muda mrefu" lilitoka kwa wagonjwa. Mtafiti wa mambo ya kale kutoka Italia, Elisa Perego, aliyekuwa mgonjwa mwenyewe, ndiye aliyeanza kulitumia mtandaoni Mei 2020, wakati watu walikuwa wakiambiwa kwamba wiki mbili zinatosha kupona.

Karibuni, hata kama kilichowaumiza si korona. Nimechoka, nitarudi.

FundiSaa

Dada pole sana, na asante. Hapo kwenye kitana nimesimama kwanza nikavuta pumzi.

Mimi yangu ni chikungunya. Homa ilikaa siku tano, viungo vimekaa mwaka wa pili sasa. Kazi yangu ni kutengeneza saa. Asubuhi vidole vimevimba na kukakamaa, bisibisi ndogo naiona ipo mkononi lakini siihisi vizuri, inazunguka na kuanguka. Skrubu za saa ni ndogo kuliko punje ya mchele, ikidondoka sakafuni ndiyo basi. Nimejifunza kuloweka mikono kwenye maji ya vuguvugu dakika ishirini kabla ya kugusa kazi, na kazi za skrubu ndogo naziacha mpaka saa tano asubuhi, vidole vikishafunguka.

Jina la ugonjwa huu ni la Kimakonde. Ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika, na neno lenyewe linahusu kujikunja, maana wagonjwa walionekana wamejikunja kwa maumivu ya viungo. Waliolitoa jina hawakuwa na maabara, walimtazama tu mtu anavyotembea. Kila nikiambiwa "vipimo vyako havioneshi kitu" nawakumbuka hao. Wao waliangalia mwili wa mtu wakaamini walichokiona.

Hayo ya keshokutwa kwangu hayapo sana. Maumivu yangu yanakuja papo hapo nikizidisha. Lakini ya kutoaminiwa tunalingana.

Kocha_Mstaafu

Poleni wote. Naomba nitoe mtazamo tofauti kwa nia njema kabisa. Nimefundisha michezo miaka mingi. Mwili ukiuzoesha kulala, utalala. Misuli isiyotumika inasinyaa ndani ya wiki chache, na moyo nao unalegea. Mimi mwenyewe niliugua, nikatoka kitandani sina nguvu hata ya kupanda ngazi, nikaanza kutembea dakika tano, wiki ya pili kumi, ya tatu kumi na tano, kila wiki naongeza. Leo nimepona. Dada, usiogope uchovu. Uchovu ni njia ya kurudi.

MuuguziWaZamu

Kaka Kocha, shikamoo. Ulichosema ni kweli kwa watu wengi, na nimekiona wodini. Aliyelala wiki tatu hospitalini, hasa aliyetoka chumba cha wagonjwa mahututi, anahitaji hasa mazoezi ya kupanda hatua kwa hatua, na asipoyapata anabaki dhaifu. Wewe ulikuwa wa kundi hilo na nafurahi ulipona.

Lakini MamaWawili anaeleza kitu kingine, na tukichanganya hivi viwili tunaumiza watu. Kinachomtokea ni kuzidiwa baada ya kujitumia, tena kwa kuchelewa: dalili zote zinafumuka, si misuli tu, bali koo, tezi, macho, akili, usingizi. Mtu aliyelegea tu kwa kulala hawashwi koo kwa sababu ya kudeki. Kwa mwenye hali ya dada, kuongeza dakika tano kila wiki kwa ratiba, bila kujali mwili unasema nini, kunaweza kumshusha ngazi ambazo itamchukua miezi kuzipanda.

Hili si maoni yangu. Nchini Uingereza mwongozo wa kitaifa kuhusu ugonjwa sugu wa uchovu, ambao nao una kuzidiwa kwa kuchelewa kama huku kwa dada, ulibadilishwa Oktoba 2021, na mazoezi ya kuongezwa kwa kiwango kilichopangwa yakaondolewa kwenye tiba zinazopendekezwa. Na Januari 2024 watafiti wa Amsterdam walichapisha kazi iliyonigusa sana. Waliwaendeshesha baiskeli ya maabara wagonjwa 25 wa korona ya muda mrefu na watu 21 waliopona kabisa, na wakachukua vipande vidogo vya misuli yao ya paja kabla na baada ya zoezi. Kwa wagonjwa, zile sehemu za seli zinazotengeneza nguvu, mitokondria, zilifanya kazi kwa kiwango cha chini, na baada ya zoezi hali ikawa mbaya zaidi, na misuli ikaonekana kuharibika. Anayemwambia mtu kama huyo "ni uvivu" aende akatazame zile picha za misuli.

Swali la kumuuliza mgonjwa ni moja tu, na halihitaji mashine: ukifanya kazi leo, kesho na keshokutwa unakuwaje? Anayesema "nachoka, nikilala naamka sawa" ana njia yake. Anayesema "siku ya pili na ya tatu naanguka" ana njia nyingine.

Kocha_Mstaafu

Marahaba binti yangu. Sikujua hilo la siku ya tatu. Kuna kijana nilimsukuma hivi mwaka jana, alikuwa akija siku moja, siku tatu haonekani, nikamwambia hana moyo wa kushindana. Nitamtafuta.

MamaWawili

Baba Kocha, Mungu akubariki kwa kulisema hilo hadharani. Mtafute.

Mwaka_wa_Pili

Habari zenu, mimi ni mwanafunzi wa chuo, ni mdogo kwenu wote nadhani. Yangu yalianza baada ya virusi vya Epstein-Barr, vile vya kuvimba tezi na koo. Shida yangu kubwa ni kusimama. Nikikaa niko sawa. Nikisimama kwenye foleni, moyo unakimbia, mikono inatetemeka, sauti za watu zinaenda mbali kama niko chini ya maji. Mara mbili nimezimia. Wenzangu wanadhani ni njaa. Nilipimwa presha nikiwa nimekaa, ikawa nzuri, nikarudishwa nyumbani.

MuuguziWaZamu

Mdogo wangu, kukupima ukiwa umekaa ni kukupima mahali ambapo shida haipo. Mwombe atakayekuona akupime hivi: ulale chali dakika tano hadi kumi, ahesabu mapigo ya moyo na presha, kisha usimame umeegemea ukuta bila kutikisa miguu, naye ahesabu kila dakika mpaka zifike kumi. Usifanye peke yako, lazima awepo mtu wa kukudaka. Kwa mtu mzima, mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi kwa dakika na kubaki juu bila presha kushuka, na dalili zikawepo, kuna hali inayojulikana na inayotibika kwa kiasi. Kwa vijana wa miaka 12 hadi 19 kipimo ni 40. Kinachotokea ni kwamba damu inabaki miguuni ukisimama, na moyo unakimbia kufidia.

Maji mengi yanasaidia, soksi ndefu za kubana zinasaidia, kukaa kwenye stuli wakati wa kuoga kunasaidia sana. Chumvi ya ziada huwa wanapewa baadhi, lakini hiyo usijianzishie, mwenye presha ya juu au figo mbovu itamdhuru.

Mwaka_wa_Pili

Nimerudi. Dada yangu alinishika, tumepima na saa yake ya mkononi. Nimelala: 71. Dakika ya pili nimesimama: 109. Dakika ya sita: 116, nikaomba kukaa. Nimeandika kwenye karatasi, naipeleka kesho kliniki. Nimelia kidogo, si kwa huzuni. Ni kwamba kuna namba.

FundiSaa

Kijana, karatasi hiyo usiitoe mkononi. Ipige picha kwanza.

Bahari_Shwari

Mimi ni pua. Baada ya korona nilipoteza harufu miezi miwili, kisha ikarudi imeharibika. Kitunguu kinachokaangwa kinanuka kama plastiki iliyoungua na kitu kilichooza pamoja. Kahawa vilevile. Dawa ya meno vilevile. Nimepungua kilo tisa kwa sababu kila sahani ni adui.

Watu wanacheka wakisikia, wanasema bora pua kuliko mapafu. Lakini nina mtoto wa miezi mitano. Nikimbeba namnusa utosini kama mama yeyote, na napata harufu ile ile ya kuungua. Nageuza uso. Mtoto hajui, mimi najua.

MuuguziWaZamu

Pole mama. Hakuna cha kucheka hapo. Virusi hivi hushambulia zaidi seli zinazoshikilia na kulisha mishipa ya harufu, na mishipa inapochipua upya huchukua muda kujipanga, ndiyo maana harufu zinachanganyika. Kuharibika huku mara nyingi hutokea wakati wa kurudi.

Kuna zoezi la pua lililoanzishwa na Thomas Hummel na wenzake huko Dresden, likachapishwa mwaka 2009. Unachukua harufu nne: waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Kila moja unanusa taratibu kama sekunde kumi, asubuhi na jioni, ukiikumbuka ilivyokuwa zamani. Wao walifanya wiki kumi na mbili, wengi huendelea zaidi. Halimponyi kila mtu, lakini halina madhara. Na kwenye chakula, vitu vya baridi vinatoa harufu kidogo kuliko vya moto, anzia huko ili uzito urudi.

Bahari_Shwari

Karafuu ninazo. Naanza leo usiku.

MumeWake

Nimekuwa nasoma kimya. Mimi si mgonjwa, mgonjwa ni mke wangu, mwaka wa tatu. Naandika kwa ajili ya walio upande wangu.

Neno lililomuumiza kuliko yote nililisema mimi. Alikuwa amekaa na wageni saa moja na nusu, amecheka, amepiga hadithi. Walipoondoka akaenda kulala, na siku mbili zilizofuata hakutoka chumbani. Nikamwambia, "Mbona na wageni ulikuwa mzima?" Hakunijibu. Mwezi mzima baadaye akaniambia kwamba kwa ile saa na nusu alijua kabisa atailipa, na alichagua kuilipa kwa sababu alitaka mara moja tu kukaa na watu kama mtu. Na mimi nikaifanya kuwa ushahidi dhidi yake.

Sasa wageni wakija nakaa na saa. Dakika thelathini zikifika mimi ndiye ninayesema amechoka, ili yeye asionekane anafukuza watu. Nimeweka stuli ndefu jikoni na nyingine bafuni. Nimeacha kumuuliza "unajisikiaje?" kwa sababu swali hilo linamlazimisha kunifariji. Nauliza, "leo nichukue lipi?" Analitaja moja, nalichukua.

Na tusijidanganye, na sisi tunachoka. Nilijificha nikilia kwenye gari mara nyingi. Tafuteni mtu wa kuzungumza naye, asiwe mgonjwa wenu.

MamaWawili

Shemeji, umeniandikia mume wangu barua bila kujua. Nimempa simu asome, amesoma mara mbili, ameinuka ameenda kupiga deki bila kusema neno.

Wengi mmeniuliza faragha ninaishije sasa. Nieleze ninavyofanya mimi, kila mtu apime na mwili wake.

Nina daftari. Kila siku naandika nilichofanya, na pembeni naacha nafasi tupu. Nafasi hiyo naijaza keshokutwa. Baada ya wiki tano daftari lilinionesha ambacho kichwa kilikataa kukiona: kuongea na simu dakika arobaini kulinigharimu kuliko kuosha vyombo. Kugombana na mtu kulinigharimu kuliko vyote. Mwili hautofautishi sana kazi ya mikono, ya akili na ya moyo, zote zinatoka kwenye mfuko mmoja.

Kazi zote nimezikata vipande. Sifui nguo zote kwa mara moja, nafua shuka moja. Kuchambua, kukata na kumenya nafanya nimekaa. Saa ya simu inalia kila dakika kumi na tano na ikilia naacha, hata kama limebaki sufuria moja. Hilo sufuria moja ndilo lililokuwa likiniangusha. Kisha nalala gizani, bila simu, bila redio, kabla sijachoka. Nasisitiza *kabla*. Kupumzika baada ya kuzidiwa ni kuokota vipande.

Na siku nikiamka mwepesi, ndiyo siku ninayojihadhari zaidi. Hiyo nafanya nusu ya ninachoona naweza. Ni ngumu jamani. Siku njema ndiyo mtego wenyewe, kwa sababu umeisubiri, na nyumba imechafuka, na watoto wanataka mama yao wa zamani.

Nimetoka kuanguka mara tatu kwa mwezi hadi mara moja kwa miezi miwili. Sijapona. Ila sasa nina siku ninazoweza kumwahidi mtu.

Kazini niliomba mambo mawili tu: kufanya kazi nimelala kitandani siku mbili kwa wiki, na mikutano isizidi nusu saa. Nilienda na daftari. Nadhani daftari ndilo lililowashawishi, maana maneno yangu walikuwa wameshayasikia.

Tumaini_Jipya22

Kuna dawa ya majani nimeona inauzwa mtandaoni, wanasema inasafisha virusi vilivyobaki ndani ya wiki tatu, uhakika asilimia mia. Kuna aliyejaribu? Nimeshauza simu yangu nataka niagize.

MuuguziWaZamu

Usiagize, tafadhali. Najua ulivyochoka, na wanaouza wanajua pia, ndiyo mtaji wao.

Hadi leo hakuna dawa iliyothibitishwa kuiponya hali hii. Chanzo chenyewe bado kinachunguzwa na huenda si kimoja: mabaki ya virusi kujificha mwilini, kinga kugeuka kushambulia mwili, virusi vya zamani kama Epstein-Barr kuamka, matatizo ya mishipa midogo ya damu. Hata dawa ya kweli ya korona, Paxlovid, ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 155 wa korona ya muda mrefu, siku kumi na tano mfululizo, na matokeo ya mwaka 2024 yakaonesha haikuwazidi waliopewa vidonge vitupu. Kama dawa iliyotengenezwa kuua virusi hivi haikufua dafu, anayekuahidi asilimia mia kwa wiki tatu amejua vipi?

Kinachotibika ni vipande vyake: usingizi, maumivu, mapigo ya moyo, kipandauso, kichefuchefu. Kila kipande kikipungua, mtu anapata pumzi.

Na kabla ya kukubali kwamba yote ni mabaki ya virusi, hakikisheni mmepimwa wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo, figo, ini, kifua kikuu na VVU. Uchovu una baba wengi. Na yafuatayo hayasubiri daftari wala uzi, ni kwenda hospitali saa hiyohiyo: maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi ghafla, mguu mmoja kuvimba na kuuma, upande mmoja wa mwili kulegea, ulimi kuwa mzito. Na mtu akianza kuwaza kujiondoa duniani, hilo nalo ni la dharura kama mengine yote. Mwambieni mtu usiku huohuo.

Tumaini_Jipya22

Sijaagiza. Ila simu nimeshaiuza kweli, hapa naandikia ya ndugu yangu. Hiyo ya kuwaza umeisema kana kwamba unaniona.

MuuguziWaZamu

Nimekuandikia faragha. Nipo hadi saa kumi na mbili asubuhi, zamu ni yangu. Jibu hata kwa neno moja.

Mzee_wa_Bakora

Wajukuu zangu, mimi niliugua polio nikiwa na miaka minne. Nikapona, nikacheza mpira na bakora yangu, nikaoa, nikafanya kazi. Nilipotimiza miaka arobaini na sita mguu ule ule ukaanza kuishiwa nguvu upya, na mkono ambao haukuwahi kuumwa nao ukafuata. Kila mtu akasema uzee. Daktari mmoja mwanamke ndiye aliyesema hapana mzee, hii inajulikana, huwapata waliougua polio miaka kumi na tano au hata arobaini baadaye, na ushauri wake wa kwanza ulikuwa niache kujilazimisha.

Mtoto wa polio alifundishwa kinyume. Tulifundishwa kujilazimisha mpaka machozi, na tuliojilazimisha sana ndio tulioitwa mashujaa. Nilimjibu vibaya yule daktari. Nilirudi baada ya mwaka, kwenye kiti cha magurudumu, nikamwomba radhi.

Nawasomea kila siku. Sikujua kuna vijana wanalijua jambo hili.

Na kabla ya polio yangu, msije mkadhani mabaki ya virusi ni mambo ya leo, kumbukeni mkanda wa jeshi. Marehemu mama yangu aliupata ubavuni. Malengelenge yalikauka, maumivu yakabaki miaka sita, hata kanga ikimgusa alishtuka. Ni tetekuwanga ya utotoni ile, ilikuwa imelala kwenye mishipa ya fahamu muda wote huo. Hakuna aliyemwambia ni mawazo, kwa sababu makovu yalionekana.

MumeWake

Shikamoo mzee. "Kwa sababu makovu yalionekana." Hapo umemaliza kila kitu nilichoshindwa kumweleza mama mkwe.

MuuguziWaZamu

Shikamoo babu. Na ndivyo ilivyo hata kwenye historia ya utabibu. Mwaka 1955 wafanyakazi wa hospitali ya Royal Free, London, wengi wao wauguzi, walipatwa kwa pamoja na ugonjwa wa homa, tezi, udhaifu wa misuli na uchovu usioisha. Miaka kumi na tano baadaye, mwaka 1970, madaktari wawili wa akili walipitia makaratasi yao na kuandika kwamba ulikuwa mhemko wa kundi la wanawake. Maandishi hayo yaliwafuata wagonjwa miaka mingi.

Upande wa pili upo pia. Mwaka 2006 watafiti wa Australia walichapisha walichokiona kwa watu 253 waliowafuatilia tangu siku za mwanzo za maambukizi matatu tofauti, Epstein-Barr, virusi vya Ross River na homa ya Q. Baada ya miezi sita, asilimia 12 walikuwa bado na uchovu wa kuwalemaza. Kilichotabiri nani atabaki nao kilikuwa ukali wa ugonjwa mwanzoni. Tabia ya mtu na historia yake ya akili havikutabiri. Tafiti hizo zilikuwepo kabla ya korona. Tulikuwa tunajua.

Mwaka_wa_Pili

Nimetoka kliniki. Daktari alisoma karatasi, akanilaza, akapima mwenyewe, namba zikaja karibu zilezile. Akasema samahani kwa mara ya kwanza. Nimepewa rufaa ya daktari wa moyo na ruhusa ya kufanya mitihani nikiwa na mapumziko. Dada yangu amenibebea mkoba.

Tumaini_Jipya22

Nipo. Nimeamka nipo. Ndugu yangu anajua sasa.

MamaWawili

Tumaini, nimesoma neno lako "nipo" nikalibusu kwenye kioo. Endelea kuliandika kila siku, hata likiwa peke yake.

Wapendwa, uzi huu umenifanya nizidishe. Jana nilijibu faragha za watu kumi na moja na saa ililia nikaizima, jambo ambalo nawakataza ninyi. Leo najisikia vizuri sana, nanyi mnajua maana yake. Nimeandika kwenye daftari, "Jumapili: uzi, saa tatu kwa jumla", na pembeni nimeacha nafasi. Nazima simu. Baba Kocha, ukimpata yule kijana tuambie.

Kocha_Mstaafu

Nimempata. Anaishi kwa dada yake, hatoki. Nilimwomba msamaha mlangoni. Tumekaa dakika ishirini, nikaondoka kabla hajachoka. Nitarudi wiki ijayo, nimemuuliza siku gani inamfaa, akasema ataniambia baada ya siku mbili.

MamaWawili

Ni Jumanne. Nimeamka saa mbili. Koo linawasha kidogo, macho yanaumia, miguu mizito. Nimelala tena mpaka saa tano.

Nimechana nywele.